Maji ya Kifuani

Msomaji uliyenisubiri tangu wiki iliyopita, ahsante kwa subira. Na wewe ambaye leo ndiyo mara ya kwanza unatupia jicho ukurasa huu, sogea, sitakupotezea njia.

Mimi ni mzee mkata vitambaa. Nilikata sare za watu wa kazi mpaka nikastaafu. Mke wangu alipigwa na kiharusi akiwa juu ya kigoda, anatundika mapazia. Upande wa kushoto ukalala. Mkono ulirudi kidogo. Ulimi ulirudi wote, tena na nyongeza. Mguu ukagoma.

Mtaalamu wa mazoezi wa pale hospitali, mama mmoja mwenye viganja vizito kama pasi, alitwambia kweli bila kuipaka sukari.

"Huo mguu una uhai, ila nyonga inakauka. Ikishakauka, ni kiti cha magurudumu mpaka mwisho. Mwingizeni majini. Majini mwili unakuwa mwepesi, mguu unakumbuka kazi yake. Ukikumbuka hata mara moja, mengine tutayafanya hapa hapa. Lakini msikae. Mkikaa, msije kunilaumu."

Tulikwenda kwenye bwawa la mjini, na yaliyotupata mliyasoma. Vijana wakikodoa macho ukingoni. Yule mmoja aliyesema, "Jamani, meli inashushwa!" Na mke wangu ananing'inia mikononi mwa wahudumu, nusu nje, nusu ndani.

Hakulia pale. Alilia jikoni kwetu, akiwa amenipa mgongo.

"Baba watoto," akasema, "siingii tena majini mbele ya macho ya watu. Wala sishikwi na mikono nisiyoijua. Ukinishika wewe, sawa. La sivyo, nizikeni na kiti hicho."

"Nitakushika mimi."

"Unajua kuogelea?"

"Najua," nikasema.

Hapo ndipo nilipowaacha. Leo naendelea kwa kusema lile ambalo baadhi yenu mlishaliotea: nilikuwa sijui.

Usinicheke haraka. Mimi niliingia shule ya usiku nikiwa tayari baba wa watoto. Nilikaa dawati moja na vijana waliokuwa wananiita babu, na mtihani ulipokuja niliwapita. Kila ninachokijua, ukiacha mkasi, nilikipata kitabuni. Kwa hiyo nilijiambia: kuogelea ni nini? Ni elimu kama elimu nyingine.

Nikaazima kitabu cha kuogelea maktaba. Nikajifungia chumbani, nikalala kifudifudi juu ya meza yangu ya kukatia, nikapiga mikono na miguu kama picha zilivyoelekeza. Nilifika mpaka sura ya pumzi, meza ikavunjika mguu.

"Unafanya nini huko ndani?" mke wangu akauliza kutoka sebuleni.

"Natengeneza meza."

"Mbona kama wewe ndiye unayetengenezwa?"

Basi, nikabaki na njia moja. Nitafute maji ambayo hayahitaji kuogelea. Maji ya kusimama tu, nimshike mgonjwa wangu, na kitabu changu kisiumbuke. Yawe mbali na mji, na tuende wakati ambao wageni wameshaondoka, maana msimu ukipita nyumba za mapumziko hulala tupu, bei hulegea, na macho ya watu huwa yamerudi kwao.

Binti yetu mkubwa, karani wa benki, alinikuta mezani na simu na gazeti la matangazo.

"Baba, nipe hiyo kazi. Mimi naingia kwenye simu, naona picha, nasoma maoni ya watu waliowahi kukaa huko. Dakika mbili tu."

"Maoni ya watu ni shati la mtumba, mwanangu. Lilimkaa mwingine."

"Basi angalau tushirikiane."

"Nimekusomesha mimi, au umenisomesha wewe?"

Mke wangu, kutoka kwenye kiti chake, akasema, "Mwache Msomi achague. Akikosea atatuandikia insha."

Msomi ndilo jina alilonipa tangu siku nilipoleta cheti nyumbani. Siku nyingine ni sifa. Siku nyingine ni kofi.

Nikapiga simu ya kwanza. Dalali.

"Nyumba ya kifahari, mzee! Hewa safi, ng'ombe unawaona dirishani."

"Bwawa la kuogelea lipo?"

"Lipo kubwa tu."

"Lina maji?"

Akakohoa. "Mvua ikinyesha linakuwa nayo."

Nikajifunza hapo kwamba msimu ukiisha wenye nyumba wengi humwaga maji. Ya pili nikaanza na swali hilo. Akapokea bwana mwenye sauti ya mtangazaji wa mpira.

"Maji tele! Kina kirefu, watu wanaruka kutoka juu kabisa."

"Mke wangu haruki."

"Basi akae atazame, mzee wangu, atafurahi."

Ya tatu ilipokewa na mama mpole.

"Bwawa hatuna, baba, tuna mto."

"Una nguvu?"

"Hata! Mwaka jana ulichukua mbuzi tu."

Nikaweka simu chini, nikafuta jasho. Mke wangu alikuwa ananitazama, na mguu wake umelala juu ya kibao cha kiti kama mzigo wa mtu mwingine. Asubuhi ile nilikuwa nimemkanda, na nyonga ilikuwa ngumu kuliko wiki iliyotangulia. Aliniona nimegundua. Nami nilimwona ameniona.

Simu ya nne ilipokewa na mtunza nyumba, mtu wa sauti nzito ya polepole.

"Maji yamo, mzee. Yanatoka chemchemi ya kilimani. Mwaka huu hatujayamwaga bado."

"Watu?"

"Mimi na paka."

"Ngazi?"

"Hakuna hata kidaraja kimoja njiani. Kiti cha magurudumu kinafika mpaka ukingoni."

"Na kina chake?"

"Kifuani."

"Pande zote?"

"Pande zote. Chini ni sawasawa kama meza."

Nikamshukuru, nikachukua nyumba palepale, nikakata simu.

Sasa, msomaji, niruhusu nijichape mwenyewe kabla hujanichapa wewe. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa na msemo mmoja kwa waliojifunza kwangu: kipimo bila futi ni umbea. Mteja akija akisema, "Kifua changu ni cha kawaida tu," nilikuwa namwambia ainue mikono. Nimepima vifua vya wapishi, vya madereva, vya wauguzi na vya walinzi. Sijawahi kukuta viwili vinavyolingana.

Na siku ile niliambiwa "kifuani", nikashukuru.

"Umeuliza kila kitu, baba?" binti akaniuliza tulipokuwa tunafunga mizigo.

"Kila kitu."

"Niombe ruhusa kazini nije nanyi? Nitakaa mbali. Sitatazama."

"Ukija, ni macho. Mama yako hataki macho."

"Na likitokea la kutokea?"

"Nipo."

Alinitazama kwa namna ambayo mwanangu hajawahi kunitazama, kama mteja anayekagua mshono. Kisha akamfunga mama yake mkanda wa teksi, akambusu, akafunga mlango.

Teksi ilitushusha mbele ya geti la mbao. Dereva akatoa kiti, akatoa mizigo, akageuza gari upesi kwa kuogopa tope. Geti likafunguka, mtu akatoka.

Akaendelea kutoka.

Aliinama kupita chini ya boriti ya geti, akajinyoosha, akajinyoosha tena. Mke wangu akainua shingo kama mtu anayetafuta ndege angani.

"Msomi," akaninong'oneza, "sare ya huyu ungeikatia robota zima."

Sikucheka. Yule bwana alinijia kunisalimu, "Shikamoo, mzee wangu," na shikamoo yenyewe ikanipita juu ya kichwa. Nilikuwa natazama mbele yangu, wala sikuinua macho. Mbele ya macho yangu, sawia kabisa, kulikuwa na kifungo cha pili cha shati lake.

Kifua.

"Marahaba," nikasema.

Nyumba ilikuwa safi. Sakafu ya saruji iliyong'arishwa, kitanda kimoja kipana, dirisha kubwa linalofungukia nyuma. Mke wangu hakutaka kitanda wala chai. "Nipeleke kwenye maji."

Nikamsukuma. Bwawa lilikuwa limezungukwa na ua wa michongoma mrefu, hakuna jicho linalopenya. Maji yalikuwa ya kijani kibichi, yametulia, unaiona mistari ya vigae mpaka chini. Akayatazama muda mrefu. Kisha akafanya jambo ambalo hakulifanya tangu siku ya kigoda: akanishika mkono, akaubusu.

"Umechagua," akasema. "Nilimwambia binti yetu akuache uchague. Niingize."

"Kesho. Umechoka na safari."

Kesho yake nikasema maji ni ya baridi, tusubiri jua. Jua likatoka, nikasema jua kali si zuri kwa mgonjwa. Alinitazama.

"Wewe unaniogopa, au unayaogopa maji?"

"Nakuwazia wewe."

"Usiniwazie. Nishike."

Alipolala kidogo baada ya chakula, nilichukua mpini wa ufagio nikautumbukiza bwawani, nikauchomoa, nikasimama nao wima. Alama ya maji ilinifika juu ya nyusi. Nikarudia kona nyingine, nikidhani labda mpini umeteleza. Nyusi zile zile.

Nikamfuata Mlingoti. Ndivyo mke wangu alivyomwita, nami nilishazoea. Alikuwa anapogoa michongoma bila ngazi.

"Bwana, uliniambia kifuani."

"Ndiyo, mzee wangu." Akajigusa. "Hapa."

"Kifua cha nani?"

Akanishangaa. "Changu. Ningepimia cha nani?"

Mtu aliyeulizwa kina cha maji akapimia mwili wake ana kosa gani? Kosa ni la aliyeshika futi maisha yake yote na asiulize.

"Maji haya yanaweza kupunguzwa?"

"Yanaweza kumwagwa."

"Nimesema kupunguzwa."

Akaweka mkasi wake chini. "Mzee, koki ya bwawa hili ukiifungua haifungi. Imelika siku nyingi. Mwenye nyumba hana wasiwasi nayo, maana kila mwaka wageni wakiisha tunaifungua mara moja tu. Maji yanaondoka yote, tunasugua vigae, ndiyo tunaitengeneza. Kisha tunajaza polepole mpaka wageni wakikaribia. Chemchemi yenyewe inachuruzika tu. Kulijaza si kazi ya siku, wala ya wiki."

"Kwa hiyo nikifungua..."

"Yanashuka mpaka mwisho. Kama jua. Hulizuii."

"Lakini yakiwa yanashuka, yatapita kifuani kwangu?"

Alinitazama juu mpaka chini, vile nilivyokuwa nawatazama wateja. "Lazima yapite. Kutoka kwangu kwenda sakafuni, wewe uko njiani."

"Na yatakaa hapo?"

"Hayakai, mzee. Yanapita."

Nilikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Ningeweza kuinuka nikaenda chumbani, nikamwambia mke wangu: maji ni marefu, na mumeo ni muongo, twende nyumbani. Maneno mafupi. Hata mtoto wa chekechea angeyasoma. Lakini nilimwona atakavyonitazama. Atasema, "Sawa, Msomi," kwa ile sauti yake ya kofi, na hataingia majini tena, si na mimi wala na mwingine. Nyonga itafunga. Kiti kitakuwa chake mpaka mwisho.

Mtaalamu alisema mara moja. Mguu ukikumbuka hata mara moja.

"Kesho asubuhi," nikamwambia Mlingoti, "fungua."

Alifungua. Mpaka tunamaliza kula mchana maji yalikuwa yameshuka kiduchu tu, na mawingu yalikuwa yanajikusanya nyuma ya kilima. Mke wangu alikuwa tayari kwenye kiti chake, amevaa gauni la kuogea nililomshonea kwa kitambaa kizito cha sare, lenye mifuko, maana mimi siwezi kushona kitu bila mfuko.

Nikamkimbilia Mlingoti. "Yanashuka kwa maringo! Hayawezi kwenda mbio kidogo?"

"Naweza kutoa wavu wa tundu la chini. Ila kona ile msiikaribie. Linavuta."

"Toa."

Akaingia majini na nguo zake, akatembea mpaka kwenye kona kama mtu anayekatiza sebule, akainama, akaibuka na wavu wa chuma mkononi. Maji yakaanza kunguruma chini kwa chini, kama tumbo la mtu mwenye njaa.

"Yule mlingoti aondoke," mke wangu akasema nilipomfikia. "Sitaki hata kivuli chake."

Nikamtuma Mlingoti dukani, kule kwenye njia panda, atuletee sukari na chochote kile. Nikamwambia asiharakishe. Nikamwambia afunge geti.

Sukari tulikuwa nayo.

Nikasubiri mpaka mpini wa ufagio ukanionyesha koo, ndipo nikamsogeza mke wangu ukingoni. Akatazama ukuta wa bwawa, akakunja uso.

"Mbona maji yameacha mstari?"

"Mvuke," nikasema. "Sayansi. Jua likipiga, maji yanapanda."

"Sayansi ndiyo imekunywa maji yote haya tangu asubuhi?"

"Mama watoto, tuingie."

"Haya. Maji tumeyavulia nguo." Akanyoosha mikono. "Nishike, Msomi."

Nilishuka ngazi ya chuma nikiwa nimeikumbatia kama ndugu. Mguu ukatafuta sakafu, ukatafuta, ukaipata. Vigae vilikuwa na utelezi wa ukungu. Maji yalinifika kooni. Nikasimama kwa vidole, mdomo umefumba, nikimwonyesha uso wa mtu aliyezaliwa mtoni.

Akateleza kutoka kwenye kiti mpaka ukingoni, kutoka ukingoni mpaka mikononi mwangu. Na palepale, wasomaji wangu, nikasahau hofu. Huyu mwanamke niliyekuwa namhamisha kitandani kwa kuhema na kuomba radhi alikuwa mwepesi kama kitambaa cha bitana.

Akacheka. Kicheko cha msichana.

"Jamani! Nani amenibeba, wewe au maji?"

"Wote wawili."

"Usiniachie."

"Sikuachii."

Maji yakashuka kutoka kooni mpaka mabegani. Yakaja kifuani. Kifuani kwangu, kifua changu mwenyewe, na kwa muda ule mdogo kila kitu kilikuwa vile nilivyokiagiza. Tukaanza mazoezi kama tulivyofundishwa. Mguu wa kulia, mbele. Mzuri. Mguu wa kushoto, mbele.

Hakuna.

"Tena."

Alifumba macho, akakaza midomo mpaka ikapauka. "Nenda," akauambia mguu wake. "Nenda, mwana mkaidi we."

Hakuna.

"Tena, mama watoto."

"Ninaufanya! Unadhani nimelala?"

Maji yakashuka chini ya kifua. Akaanza kuwa mzito, kidogo kidogo, kama kitambaa kinacholowa. Nilijua na yeye hakujua. Nikampeleka mbele, nikamrudisha, nikambembeleza, nikamkaripia. Mguu ulielea pembeni yake kama gogo.

Hatimaye akafumbua macho. Hayakuwa na hasira. Afadhali yangekuwa nayo.

"Basi, mume wangu. Umejitahidi. Umenileta mbali, umenichagulia mahali pazuri, umenishika kama mtoto. Mguu umekufa tu. Si kosa lako."

"Mara moja tena."

"Basi, nimesema."

"Mara moja!" nikapaza sauti, na nikapiga hatua nyuma kumvuta, na utelezi ukanichukua. Sikuanguka. Nilirudi kinyumenyume, naye mikononi, nikitafuta pa kukanyaga, mpaka bega langu likagonga ukuta.

"Samahani, samahani..."

"Subiri," akasema.

"Nini?"

"Nyamaza. Subiri." Macho yalikuwa yamemtoka. "Nimehisi."

"Umehisi nini?"

"Mguu. Huu wa kushoto. Kuna kitu kinaushika chini, kwenye kisigino, kinauvuta... Baba watoto, ninausikia! Ninausikia mguu wangu!"

Alikuwa analia na kucheka. Mimi nililia zaidi yake, mzee mzima, kamasi na maji havitofautiki. Nikasema ahsante, ahsante, sijui namwambia nani. Nikambana kifuani. Nikageuza uso kuuweka kwenye nywele zake, na hapo ndipo nilipoona tulipo.

Tulikuwa kwenye kona.

Maji yalikuwa yanazunguka pembeni yetu polepole, yakiingia chini kwa mngurumo.

"Toa mguu," nikasema.

"Hautoki."

"Utoe!"

"Ungekuwa unatoka kwa kuambiwa, tungekuja huku?"

Nikamvuta. Akapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia, hata siku ya kuzaa. "Usivute! Unaning'oa nyonga!"

Nikaacha. Kisigino kilikuwa kimekaa kwenye tundu kama kizibo, kikiacha mwanya pembeni, na maji yote ya bwawa yamekikalia. Nami kila dakika nilizidi kuusikia uzito wake. Maji yaliyokuwa yananisaidia kumbeba yalikuwa yanatoroka. Mikono yangu ni ya mkasi, si ya mizigo. Ikianza kutetemeka haiachi. Na nikimdondosha huku kisigino kimeshikwa, hiyo nyonga itakatika.

Nikaita. Nikaita Mlingoti, nikaita bwana, nikaita jirani, nikaita jamani. Michongoma ikanisikiliza.

Nilitafuta mahali pasipo na mtu. Nilikuwa nimepapata.

"Kuna koki," mke wangu akasema, anahema. "Mabwawa yana koki. Kaifunge."

"Haifungi."

"Nani aliifungua?"

"Mimi. Nilimwambia aifungue."

"Kwa nini, Msomi?"

"Maji yalikuwa yananipita kichwa."

"Na yakikupita? Si unaogelea?"

Alikuwa karibu kiasi kwamba singeweza kuficha hata kope.

"Sijui kuogelea," nikasema. "Sijawahi kujua."

Alinitazama. Nilisubiri lile kofi. Halikuja.

"Kuzama unajua?" akauliza.

"Kuzama kila mtu anajua."

"Basi zama. Ingiza vidole pembeni ya kisigino, kikipata pumzi kidogo kitatoka. Mikono yako imeingiza uzi kwenye matundu ya sindano gizani, haishindwi na hili."

"Nikikuachia utaanguka."

"Nitajishika." Akainua mkono wake wa kulia, ule mzima. Lakini maji yalishashuka, na ukingo ulikuwa umekwenda juu. Akajinyoosha, akaguna kwa maumivu. Ncha za vidole zikafika. Zikajikunja juu ya kigae chenye maji. "Haya. Nimeshika. Niachie."

"Mama watoto..."

"Niachie, mume wangu. Nisikuambie tena."

Nikavuta pumzi. Nikaondoa mkono mmoja. Nikaondoa wa pili.

Maji yakanifunga masikio. Yaliingia puani yakiwaka kama pilipili, na kila kilichomo mwilini mwangu kikanipigia kelele nirudi juu. Nikashuka. Nikapapasa ukuta, nikapapasa gauni, goti, kifundo cha mguu. Nikapata kisigino. Nikachomeka kidole kati ya ngozi na ukingo wa tundu, nikasukuma.

Ndipo nilipousikia. Vidole vya mguu wa kushoto, vile vilivyolala tangu siku ya mapazia, vilijikunja. Si maji. Maji hayakunji vidole. Vilijikunja vyenyewe, vikanishika mkono, vikabana kwa nguvu.

Nikafumbua macho humo humo majini nimtazame, nimwambie kwa macho kwamba mguu umeamka.

Juu yangu, kwenye mwanga, mkono wake wa kulia ulikuwa umeponyoka ukingoni, unateremka ukutani taratibu, na haukuwa umeshika kitu.